Majina Yanayosomwa Jumapili

Kambi ya kanisa, bonde la Momba
9 Machi 2025

Kaka Gibson,

Shikamoo. Bwana asifiwe huko Iyula. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na hayo unayajua. Naamini nawe umeamka salama, umekunywa chai, na hukutia sukari vijiko vitano kwa kuwa sipo wa kukusema.

Tulifika Jumanne jioni. Kutoka Tunduma hadi huku lori lilikwama mara tatu, na mara ya tatu hata mimi muuguzi mstaafu nilishuka nikasukuma. Zabron, dereva wetu, alikuwa akiimba huku sisi tunakula tope. Maji yameshatoka kwenye nyumba, lakini yameacha matope ndani hadi usawa wa dirisha, na visima vimeingiliwa na maji ya vyoo. Kipindupindu kimeanza. Tuko kumi na wanne wa kujitolea: wauguzi watatu, mafundi wa mahema, wapishi, na wengine nadhani wamekuja kuomba tu. Watu wanalala madarasani katika shule ya msingi. Kelele ni kutwa nzima, watoto, mbuzi, na kipaza sauti kinachoita majina.

Majina hayo ni wewe. Utaratibu wako wa kanisani nimeuleta huku. Kila anayehitaji msaada anaandikwa kwenye daftari mbele ya kanisa, na jina lake linasomwa kwa sauti watu wote wasikie, asiwepo wa kujificha wala wa kupokea mara mbili. Niliwaambia wenzangu kwamba kaka yangu ndiye aliyeuanzisha kule Iyula, mwaka ule mahindi ya msaada yalipopotelea stoo, na tangu hapo halijapotea hata kopo moja. Wamekupigia makofi bila kukujua. Daftari nalishika mimi.

Simu sahau. Mnara umeanguka, na kilima chenye mtandao magoti yangu hayakipandi. Zabron atapita Iyula kila akienda kuchukua mahindi na dawa, mpe barua yeye. Naye hupita anapojaliwa, kwa hiyo usianze kuhesabu siku.

Nilikuahidi wiki sita, na sita ni sita. Pasaka nitakuwa nyumbani. Unga uko kwenye pipa la bluu. Mwambie Ipyana mwanao aje japo mara moja, Tunduma si ng'ambo ya bahari. Na uende ukapimwe macho. Siku ile naondoka nilikuona unamimina chumvi nje ya sufuria, ukanitazama kama vile mimi ndiye niliyeisogeza sufuria.

Dada yako,
Tabita


Iyula
23 Machi 2025

Tabita,

Marahaba. Sisi huku wazima. Nikisema sisi ni mimi na kuku.

Barua yako imefika Alhamisi. Nimefurahi kwamba utaratibu umewafaa. Usiulegeze. Watu wakijua majina hayasomwi, anayepokea ni mwenye mkono mrefu, siyo mwenye shida. Jumapili iliyopita kaya za Ruanda, kijiji jirani, zilileta gunia saba za mahindi kwa ajili ya watu wa bonde, nasi Iyula tukatoa kumi na moja. Zilisomwa zote. Jina langu lilikuwa la tatu.

Macho yangu hayana shida. Shida ni balbu, umeme wenyewe ni hafifu. Na chumvi ile ilimwagika kwa sababu ulikuwa unanisemesha.

Zamu yangu ya kusoma neno nimempa mtu mwingine mwezi huu kwa ajili ya kikohozi. Mchungaji mpya, yule aliyetokea Ikinga, anahubiri mpaka viazi vinaungulia watu jikoni. Ipyana alipiga simu. Alisema atakuja. Alisema hivyo na Krismasi.

Mvua bado ipo. Kahawa imeshika vizuri, matawi yanainama. Wiki sita zinaisha tarehe kumi na tano Aprili, nimehesabu kwa ajili yako na siyo kwa ajili yangu.

Kaka yako,
Gibson


Kambini
13 Aprili 2025

Kaka Gibson,

Shikamoo. Leo ni Jumapili ya Mitende, na watoto wa hapa wamepunga majani ya mahindi kwa kuwa mitende haipo. Nakutakia heri. Kikohozi kinaendeleaje? Nauliza kwa adabu tu, maana kikohozi hakijawahi kumzuia mzee wa kanisa kusoma.

Kaka, sitakuja Pasaka. Nimeliandika mwanzoni mwa barua ili usipate tabu ya kulitafuta. Wagonjwa ni wengi, na muuguzi mmoja kati yetu watatu amerudi kwao Vwawa kujifungua. Nimeomba wiki nne nyingine.

Kuna kazi ambayo haijakaa sawa. Wakulima wanakuja, wanaandikwa, wanapata maturubai na vidonge vya kutibu maji. Lakini kuna wafugaji, watu waliohamia bondeni na ng'ombe wao, wengine Wakristo, wengine Waislamu, na wote maji yaliwapiga sawasawa. Hao hawaji. Tunatangaza, hawaji. Tunawaona kwa mbali kwenye maboma yao, moshi unafuka, na tunasikia kwamba wanaugua. Jumatano alikuja mmoja, mwanamke aitwaye Nyanzobe, na mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa na mama mkwe wake. Yule mama tulimpoteza. Nitakueleza siku nyingine.

Sasa mwandiko wako. Barua yako ya Machi mistari inapanda kilima na kushuka, na jina langu umeliandika juu ya neno jingine. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na mitatu, kaka. Fanya hivi, ukiwa peke yako, hakuna atakayekuona. Simama mlangoni, ziba jicho la kulia kwa kiganja, utazame kalenda ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa iliyoko ukutani. Kisha zibua, uzibe la kushoto. Uniandikie ulichoona. Usiniandikie kuhusu balbu.

Huku naitwa kila dakika. Hata sasa naitwa.

Tabita


Iyula
2 Mei 2025

Tabita,

Marahaba. Pasaka imepita.

Nilipika ndizi na nyama. Nilipika kwa kipimo cha watu wawili kwa sababu barua yako ilinifikia Jumatatu ya Pasaka saa nane mchana, na Zabron alikuwa anacheka mlangoni. Kuku wamekula vizuri.

Sina neno na kazi ya Mungu. Wafugaji kama hawataki kuandikwa waacheni. Anayekataa kuandikwa hana shida kubwa. Mtu mwenye shida kweli anajitokeza, ndivyo tulivyofanya huku miaka yote.

Umeniuliza mengi. Mengine nitajibu ukija.

Kahawa zimeanza kuiva upande wa chini wa shamba. Nimepata wachumaji wawili, wazembe. Ketrina wa nyumba ya jirani anakusalimu, ananiletea mboga wakati mwingine, sijamwomba. Wiki zako nne zinaisha kati ya mwezi huu.

Gibson


Kambini
25 Mei 2025

Kaka Gibson,

Shikamoo, na usinune. Najua umenuna kwa sababu barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti ya dukani.

Njia ilikatika tena, lori limekaa ng'ambo ya mto siku kumi na mbili. Ndiyo maana umekaa bila kusikia kitu. Wagonjwa wapya wanapungua, tunamshukuru Mungu, lakini bado nipo nipo kwanza. Usiniulize mpaka lini.

Nina habari ambayo nataka uisome mara mbili, au usomewe. Kuna madaktari wa macho wa kujitolea, Wakristo kama sisi, wanakuja Tunduma. Watakaa wiki moja kwenye ukumbi wa kanisa kuanzia tarehe ishirini na nane Julai. Wanapima, wanapasua, wanatoa dawa, yote bure. Kila usharika unapeleka majina ya watu wake wenye shida, mwisho wa kuandikisha ni tarehe ishirini Julai. Mzee anayesimamia orodha ya Iyula ni nani? Ni wewe. Kwa hiyo huhitaji hata kutoka nje. Chukua kalamu, andika Gibson.

Zabron ameniambia ulimmiminia chai mezani, kikombe kikiwa pembeni, na ukaendelea kuzungumza. Kwa heshima yako hakukwambia. Mimi heshima hiyo sina. Nilipofikiria chai hiyo nililia, ndiyo, nililia mbele ya wagonjwa.

Kama ni mtoto wa jicho, wanamtoa kwa nusu saa. Kama ni kitu kingine, kila wiki unayokaa kimya unapoteza usichoweza kurudishiwa. Andikwa, kaka.

Tabita


Iyula
22 Juni 2025

Mdogo wangu Tabita,

Marahaba. Mkono unaoandika ni wa Ketrina, maana mkono wangu umeteguka wakati wa kubeba kahawa. (Dada Tabita, mkono wake ni mzima kabisa. Ni macho. Ameniambia niandike umeteguka, nami nimeandika. Ketrina.)

Huku kwema. Kahawa ni nyingi mwaka huu, Mungu amesema nasi. (Amerudishiwa mara mbili pale chama cha msingi. Nyekundu na kijani zimechanganyika kwenye debe moja. Wachumaji aliwafukuza, akasema ni wazembe, akaanza kuchuma mwenyewe, ndipo ikawa mbaya zaidi. Sasa nachuma mimi na binti zangu, yeye anakaa kwenye kichanja anageuzageuza zilizoanikwa, anazipapasa.)

Orodha ya macho nimeisimamia vizuri. Usharika wetu umepewa nafasi thelathini na tano, na mpaka sasa wameandikwa watu thelathini. Wengi ni wazee wajane na yatima, watu wenye shida kweli. Mimi nina shamba, nina nyumba ya bati, nina mwana Tunduma. Tangu nimekuwa mzee wa kanisa jina langu linasomwa upande wa waliotoa. Haliwezi kusomwa upande wa wahitaji. Watu watasema nini? Kwamba Gibson amekaa kwenye orodha aliyoisimamia mwenyewe, akachukua nafasi ya mjane? Utaratibu huu ni wangu. Siwezi kuukanyaga. (Nimemwambia nafasi tano ziko wazi, hakuna mjane anayenyang'anywa. Akaniambia niandike kinachosemwa na si ninachofikiri.)

Barua zako ananisomea Ketrina, kwa hiyo angalia unachoandika. (Andika chochote. Mimi sisemi.)

Nyumbani pako palepale. Sijahamisha kitu. (Anataka nimsomee sasa. Vipande vyangu nitaviruka. Njoo, dada. Juzi nimemkuta amekaa sebuleni, amevaa koti la kanisani, ilhali ilikuwa Jumanne. Nikamuuliza unakwenda wapi? Akasema, nilidhani nimesikia lori.)

Kaka yako,
Gibson


Kambini
6 Julai 2025

Kaka Gibson,

Shikamoo. Ketrina, nakusalimu na wewe, na kila kilichomo humu msomee chote, usiruke hata mstari.

Nilikwambia nitakueleza habari ya yule mama mkwe. Nimekuwa nikiiahirisha kwa sababu ukiijua utajua kwamba dada yako siyo yule unayemsifia kwa wageni.

Siku ile Nyanzobe alifika getini kama saa tano asubuhi. Alikuwa ameswaga ng'ombe wawili wanaovuta mkokoteni tangu alfajiri. Mimi nilikuwa mezani na daftari. Nikamwambia afuate foleni. Akafuata. Foleni ilikuwa ya watu ishirini hivi. Mama mkwe alikuwa amelala ndani ya mkokoteni, amefunikwa khanga, nami sikunyanyuka kumtazama kwa sababu utaratibu ni kuandikwa kwanza. Walipofika mezani nikamuuliza jina, akasema. Nikamuuliza kaya yenu mko wangapi, akasita. Nikamuuliza mnafuga ng'ombe wangapi, maana hilo nalo lilikuwa kwenye daftari, ili tujue nani amepoteza nini. Hapo akashika kamba za ng'ombe akaanza kugeuza mkokoteni aondoke. Nikamfuata. Nikafunua khanga. Ngozi ya yule mama ukiifinya inabaki imesimama, mapigo ya moyo siyapati mkononi. Tulimtundikia dripu palepale juu ya mkokoteni, mkono huu na mkono ule. Alikata roho kabla ya chupa ya kwanza kufika nusu.

Nimehesabu, kaka. Kwenye foleni walikaa dakika arobaini.

Baada ya mazishi nilikwenda bomani kwao kwa miguu, bila daftari. Nyanzobe alinipa kigoda. Nikamuuliza kwa nini hamji, tumewatangazia mwezi mzima. Akaniambia, "Mama, daftari sisi tunalijua. Kule tulikotoka walikuja watu na daftari kama lako, wamevaa vizuri, wanatuchekea meno yote nje. Wakaandika majina, wakahesabu ng'ombe. Wiki haikuisha tukaambiwa tuhame. Sasa wewe unaniuliza ng'ombe wangapi, mimi nifikirie nini?" Nilimwomba msamaha, naye hakusema amenisamehe. Alinipa maziwa tu.

Kesho yake niliwaambia wenzangu daftari lifungwe. Tukaanza kuwafuata kwenye maboma na ndoo, chumvi na sukari, dawa na dripu, hatumuulizi mtu jina mpaka apone, na akipona akitaka kusema anasema. Ndani ya wiki mbili tulitibu wafugaji sitini na kitu. Mtu mmoja tu tuliyempoteza kwao ni yule wa kwangu.

Wewe uliniandikia kwamba anayekataa kuandikwa hana shida kubwa. Nilisoma sentensi hiyo nimekaa karibu na kaburi lake. Nilikukasirikia sana, kisha nikaona ninajikasirikia mwenyewe, kwa kuwa na mimi nilikuwa ninaamini hivyohivyo.

Kaka, na wewe umo kwenye mkokoteni. Unageuza ng'ombe uondoke kwa sababu unaogopa kusomwa. Utaratibu ulikuwa mzuri siku ile ya mahindi. Sasa unakupofusha, na sikwambii kwa mafumbo. Zimebaki siku kumi na nne. Kama huwezi kujiandika, mwambie katibu akuandike. Kama hutaki lisomwe, mwambie asilisome, wewe ndiye mwenye kuanzisha, wewe ndiye mwenye kuacha.

Nakupenda. Sijui kama niliwahi kukuandikia neno hilo, nadhani sikuwahi.

Tabita


Iyula
10 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Anaandika Ketrina, na ameahidi kutotia maneno yake. (Nimeahidi.)

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na saba Julai. Nilimwambia Ketrina aisome mara tatu. Mara ya pili alishindwa, akatoka nje, mara ya tatu akamaliza.

Siku ya Jumamosi nilimfuata katibu nyumbani kwake. Nikamwambia niandike. Akauliza, debe ngapi, mzee? Nikasema siyo huko, upande ule mwingine. Akaniuliza kama nataka lisisomwe. Nikasema lisome. Wenzangu thelathini na moja wamesomwa, mimi ni nani.

Jumapili yakasomwa majina ya waliotoa, langu la tatu kama kawaida. Kisha wahitaji wa macho, langu la thelathini na mbili. Nikasikia mabenchi yanalia, watu wanageuka. Nyuso sikuziona, na nilishukuru. Nilisimama kama wanavyosimama wengine wakisomwa. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili, Tabita. Ndipo nilipojua nimewasimamisha watu hivyo miaka ishirini na saba.

Baada ya ibada watu watatu walimfuata katibu mlangoni. Mmoja ni Efraimu anayeimba besi kwayani, tumekaa naye benchi moja tangu tukiwa vijana. Jicho lake moja halioni tangu mwaka juzi. Mimi sikujua. Alikuwa akijificha nisijue, nami nilikuwa najificha asijue, na nyimbo tumeshika kitabu kimoja. Kikao cha wazee kimekaa, tumekubaliana. Waliotoa watasomwa wakitaka. Wahitaji hawatasomwa tena.

Tunduma nilikwenda na wenzangu. Ipyana alitupokea stendi, akanishika mkono kuvuka barabara, malori yamepanga foleni ya mpakani hadi huko mbali, ananielezea kila kitu kama vile mimi mgeni. Alikaa na mimi siku mbili. Kazi yake ya kubadilisha fedha za Zambia pale mpakani aliiacha, hakubadilisha kwacha hata moja. Mwanangu ameota mvi, aliniambia mwenyewe.

Sasa lile ulilokuwa ukilingojea. Si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Efraimu wamempasua, anaona, anapita akihesabu bati za nyumba za watu. Mimi jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limebaki kama kutazama kwenye tundu la kitasa. Wamenipa dawa ya matone, tone moja kila jioni, maisha yangu yote, bila kuruka siku. Nikiruka, na hilo linakwenda. Usiniulize kama ningekwenda mwezi Machi ingekuwaje. Niliuliza mimi. Jibu nimeliacha Tunduma.

Daktari, mama mmoja mpole aliyesafiri kutoka mbali kwa nauli yake, aliuliza kupitia mkalimani, nyumbani unaishi na nani wa kukuwekea dawa? Nikasema naishi na dada yangu, ni muuguzi. Akafurahi, akaandika. Tangu siku hiyo ninajiuliza kama nilimdanganya.

Ketrina ananiwekea akitoka shambani. Alifiwa kwao, akasafiri siku mbili, nikajaribu mwenyewe. Ya kwanza ilitelemkia shavuni. Ya pili sijui ilikokwenda.

Wewe umewahi kuniona nikiomba kitu? Baba alinilea nisiombe, na mke wangu Atupele alipokuwa hai hakuniacha nifike mahali pa kuomba, alikuwa analeta kabla. Sasa naomba, na aandikaye ni shahidi. Njoo nyumbani, Tabita. Si kwa ajili ya kahawa. Kahawa iende. Nyumba iko kimya mno. Kikohozi changu mwenyewe kinanishtua. Redio nimeizima kwa sababu inapomaliza taarifa ya habari inakuwa vibaya zaidi. Naomba uje.

Gibson


Kambini
21 Agosti 2025

Kaka Gibson,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nami nakuja. Nakuja Jumamosi na Zabron, mzigo wangu umeshafungwa. Vijana wawili wauguzi wamepokea kazi, na Nyanzobe amekubali kuwaongoza kwenye maboma. Daktari hukumdanganya.

Lakini nikianza na hilo tu nitakuwa nimefanya kama wewe ulivyofanya tangu Machi, kwa hiyo ngoja nikwambie. Kipindupindu huku kilikwisha mwezi wa sita. Mgonjwa wa mwisho aliruhusiwa tarehe kumi na nane Juni. Ningeweza kuja. Ulipokuwa umekaa umevaa koti unasikiliza lori, mimi nilikuwa huku nafua mashuka ambayo wengine wangeweza kuyafua. Jicho lako la kushoto na mimi nina mkono wangu ndani yake, na nitaishi nalo.

Sikuja kwa sababu nilikuwa naogopa ile nyumba. Huo ukimya unaousikia mimi niliusikia miaka miwili. Tangu tulipomzika Atupele ulikuwa unakaa mezani mbele yangu, unakula, unasema Mungu akubariki, unanyanyuka. Nilikuwa naongea na sufuria. Kuna wiki moja nilihesabu maneno uliyoniambia, nikaacha kuhesabu kwa aibu. Wifi alikuwa wangu pia, kaka. Nilikuwa nataka kumtaja, na nikimtaja ulikuwa unakwenda kutazama kahawa. Huku bondeni mtu akiniita, hata akiniita kunigombeza, najua nipo. Ndiyo maana wiki sita zikawa miezi sita.

Sasa umeniomba, nami nakuja, nitakuwekea dawa kila jioni mpaka mmoja wetu aondoke. Ila dawa ni tone moja, kaka. Inachukua dakika moja. Ikishaisha dakika hiyo tutakuwa tumekaa wawili sebuleni na jioni yote iko mbele yetu, nami nakuomba kama ulivyoniomba. Ongea nami.

Tabita